Nilichokiona Ng'ambo ya Kijito

Kitale,
Jumatano jioni

Kwako Senge, shangazi yangu,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umeketi, na lile goti lako limetulia tangu mvua ipungue. Vitunguu vinaendaje hapo Lwakhakha? Nilisikia wateja wa upande wa Uganda wameanza kuwa wagumu, ati wanataka kuchagua kimoja kimoja kama mayai. Na Baba, kikohozi kimemwacha? Mwambie asiache kunywa ile dawa kwa sababu tu amepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Kichwa ndicho siwezi kukisemea.

Najua unashangaa. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini Senge, simu yako unaiweka sauti ya juu, na kila nikipiga ninajibiwa na boma zima mpaka kuku. Neno hili haliwezi kupita huko. Kitale si Ulaya, lakini kwa mtu wa duka asiyepewa likizo ni mbali vya kutosha, kwa hivyo nimempa Simiyu, yule dereva wa lori la mahindi, akuwekee barua mkononi mwako wewe mwenyewe. Tafuta miwani. Tafadhali usimpe mtu akusomee.

Uliponipigia juzi ukipiga vigelegele kwamba wazazi wa Nafula wameivuta karibu siku ya mahari, kwamba hawataki tena kungoja mavuno bali tuje Jumamosi ya wiki ijayo, mimi nilinyamaza. Ukaniuliza kama nimemchoka msichana. Sijamchoka, Senge. Nampenda Nafula mpaka najionea aibu. Nilinyamaza kwa sababu nadhani najua kwa nini wanaharakisha, na mimi sina ruhusa ya kujua. Mama yake Nafula ni mgonjwa na anauficha ugonjwa wake. Aliyeuona ni mimi peke yangu, mimi mkwe, mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuuona.

Acha nikueleze polepole, maana nikiharakisha nitaandika upuuzi.

Habari yangu ya kutazama ndege unaijua. Mwaka jana ulipokuja ulinicheka, ukasema, "Wewe niliyekupa teo uwafukuze kwenye shamba la wimbi, leo unawaamkia?" Ni kweli, hata mimi mwanzoni niliona ni kazi ya watu walioshiba. Aliyeniingiza ni Njoroge, mwalimu tunayekaa naye ploti moja, yule ambaye babu yake alihamia huku kutoka Murang'a. Siku moja alinikuta dukani nikishusha magunia ya chumvi ya ng'ombe, akanipa darubini yake, akaniambia nimtazame ndege aliye kwenye maua ya uani. Nilikuwa nampita yule ndege kila siku. Kwangu alikuwa kitu kidogo cheusi. Ndani ya darubini nikaona paji la kijani linalong'aa na kifua chekundu kama moto, na ulimi ukiingia na kutoka. Anaitwa chozi, Njoroge akasema. Mteja wangu aliondoka bila kuhudumiwa, na mwenye duka akanisema mpaka jioni.

Tangu hapo nimekwisha. Ukimwona ndege ambaye hujawahi kumwona, Senge, unasahau hata ulikokuwa unakwenda. Unataka kumwambia mtu, na huwezi kufungua mdomo kwa sababu ataruka. Unajikuta unacheka peke yako katikati ya mahindi ya watu. Njoroge ana darubini mbili, hii ya zamani ameniachia, lakini ana sheria zake. "Usinishow ati umeona ndege na umeona tu mkia," huniambia. "Mdomo ilikuwa rangi gani? Bawa je? Kama hujui, hujaona." Nimejifunza kutazama hivyo, haraka na kwa mpangilio, kwa sababu ndege hakupi nafasi ya pili. Laiti nisingejifunza.

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, tuliteremka na kijito upande wa kule kwenye mikuyu. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikisikia sauti huko juu ya miti, sauti ya koo, kana kwamba mtu anacheka akiwa na chakula mdomoni. Njoroge alisema ni kulukulu, ila hatukuwa tumemwona hata mara moja. Tulifuata sauti. Tulipita shamba moja la mahindi, tukavuka waya, tukapita jingine, na mimi sikuangalia tunatokea wapi. Hilo ndilo kosa langu. Kwa kina Nafula huwa naingilia barabarani, nasimama mbali na lango kama ulivyonifundisha, natoa salamu zangu kwa baba yake, narudi. Mgongo wa boma lao sijawahi kuuona. Sikujua kwamba ukiteremka na kijito unakuja kusimama juu ya ule ukingo, na jikoni kwao kuko hapo chini, ng'ambo tu.

Na kulukulu akatokea! Senge, hata nikiwa na hofu hii lazima nikwambie. Alikimbia juu ya tawi la mkuyu kama kuku anayefukuzwa, mwili wote buluu nzito ya wino, mdomo wa manjano, kishungi chekundu kichwani. Kisha akaruka, na mabawa yakafunguka mekundu kabisa, wekundu ambao sikujua ulikuwa umefichwa humo. Nilipiga kelele ndani ya koo. Nikamfuata na darubini akivuka kijito, akashuka kwenye mparachichi, nami nikashuka naye.

Chini ya mparachichi alikuwa ameketi mama yake Nafula.

Wewe ndiye uliyenifundisha, Senge. Mkwe hamkaribii mama mkwe. Akimwona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hampi mkono, haketi alipoketi yeye, hamtazami akila. Na mimi nilikuwa naye karibu kuliko nilivyowahi kuwa na mama wa mtu yeyote, kwa sababu darubini haijui mkwe. Watu wa nyumbani walikuwa wameenda ibada ya pili. Alikuwa amebaki peke yake, kwenye kigoda, na beseni la maji, na leso imeshuka kiunoni. Sitaandika zaidi ya inavyohitajika. Alikuwa anabandua kitambaa kwenye titi la kushoto. Chini yake kulikuwa na kidonda, na ngozi kando ya kidonda imevutwa ndani, ngumu, kama gome. Kitambaa kilikuwa na usaha na damu. Aliuma ukingo wa leso alipokuwa akikivuta.

Nilipaswa kuteremsha mikono mara moja. Nilichelewa. Sijui nilichelewa kwa kiasi gani, ila ni vya kutosha kuona yote hayo, na nilipokuwa bado nimeganda Njoroge akaita kwa sauti kutoka nyuma yangu, "Wafula! Wapi? Iko kwa mti gani?"

Mama akainua uso. Alijua jina. Akavuta leso juu, taratibu, bila kupiga kelele, akanitazama moja kwa moja. Yeye pia hakupaswa kunitazama, Senge, lakini alinitazama. Kisha akatikisa kichwa mara moja. Hata mtoto angeelewa: usiseme.

Njoroge alifika ukingoni, akamwona mama amesimama amejifunga, akampungia mkono. "Habari ya asubuhi, mama! Sisi tunaangalia ndege tu!" Nilimshika shati nikamrudisha ndani ya mahindi. Njiani alinishangaa. "Si ni mama mkwe wako? Si ungeshuka umsalimie, bana? Kwetu hiyo ni baraka." Nilizidi kutembea. Mpaka leo ananiuliza lini tutarudi, kwa sababu yeye hakumwona kulukulu, na mimi nimemwambia kwamba hata mimi sikumwona vizuri. Nimemdanganya. Nilimwona mdomo, nikamwona bawa, nikamwona kila kitu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kwanza niliogopa kwa ajili yangu. Nilingoja wazee waje dukani kusema kwamba mkwe anayechungulia hapewi msichana. Kila pikipiki ikisimama nje nilidhani ni ya baba yake. Nilimuuzia mtu dawa ya kupe badala ya dawa ya minyoo, bahati nzuri alirudi kuuliza kabla ya kumpa ng'ombe. Hakuna mzee aliyekuja. Ilikuja habari ya kuharakisha mahari, nawe ukapiga vigelegele.

Najiambia labda nimekosea. Mimi si daktari, mimi nauza dawa za mifugo. Labda ni jipu, labda aliungua na maji. Halafu nakumbuka. Senge, wewe ndiye uliyekifungua kitambaa cha mama yangu alipokuwa amekwisha kuchelewa, ukatoka nje ukaketi chini kwenye vumbi na nguo zako za kanisani. Ulidhani nilikuwa nacheza. Nilikuwa mlangoni. Ile ngozi niliiona, kabla hatujamzika. Nikaiona tena Jumapili, na siwezi kusema sikuijua.

Jana Nafula alipita dukani. Alikuwa na furaha, hakuweza hata kusimama pahali pamoja. "Mum amebadilika, bana," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anasema tungoje mavuno, sasa ni yeye anasukuma dad. Ati mavuno ni mbali. Hata ameanza kunigawia vyombo zake, zile sufuria kubwa za wageni, ati nikae nazo sasa." Nikamuuliza mama yu hali gani. "Yuko poa tu. Siku hizi analala mapema." Kisha alipokuwa anatoka akageuka. "Na amenituma kitu ya kushangaza. Ati nikuambie asante. Asante ya nini, Wafula?"

Nikamwambia labda ni ya ile dawa ya kuku niliyowatumia. Akacheka, akaenda zake. Mimi nilienda nyuma ya duka nikashika gunia.

Ile asante imenifunga kamba. Ananishukuru kwa kunyamaza. Yeye anataka amwone binti yake ametoka kwake vizuri, na wageni wamekula, na sufuria zimepata mwenyewe, halafu basi. Amekwisha kupanga. Na mimi nimo ndani ya mpango wake bila kuulizwa. Nikimwambia Nafula, ataniuliza nilijuaje, na nikijibu nimemvua mama yake nguo kwa mara ya pili. Nikinyamaza, ni kama ile siku mlangoni, tofauti ni kwamba sasa mimi ni mtu mzima.

Kwa hivyo nakuomba wewe, Senge. Usingoje Jumamosi ya mahari. Njoo mapema. Shangazi wa bwana harusi akija kabla ya siku kupanga mambo ya jikoni na wanawake wenzake, hakuna atakayeuliza kitu. Mwombe mtoke nje wawili, mkaketi huko chini ya mparachichi. Hutahitaji kunitaja. Mwambie habari ya mama yangu, jinsi alivyoficha, na jinsi mlivyochelewa kujua. Wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Kama anaona haya watu wa Kitale wasimwone kwenye foleni ya hospitali, mchukue umpeleke Bungoma, alale kwa binti yako, mahali ambapo hakuna anayemjua. Mwambie mahari inaweza kungoja. Mwambie mimi mwenyewe nimesema ingoje, hata mwaka, hata miwili.

Na kama goti litakukataza, au kama yeye atakataa kukusikiliza, nijulishe upesi, ila si kwa simu, maana nimekwisha kuamua. Nitakwenda mwenyewe. Nitapita langoni mchana kweupe, nisimame mbele yake, nimwite mama, na nimwambie nilichokiona. Najua maana ya jambo hilo. Wazee watasema nimevunja mwiko mara mbili, na mara ya pili kwa makusudi, na hakuna faini itakayotosha. Nafula huenda asitake kuniona tena. Nimelifikiria hilo. Basi nimkose. Aishi mama yake, anichukie mpaka uzeeni, anikwepe njiani si kwa heshima bali kwa hasira. Hilo naliweza. Nisichoweza ni kumwoa Nafula sasa, kisha nisimame naye kaburini kwa mama yake nikimwambia pole, kana kwamba nami nimesikia siku hiyo hiyo.

Nisalimie Baba, umwambie tu nimeuliza habari ya kikohozi, hili lisimfikie bado. Msalimie kaka Wekesa na mke wake, natumaini mtoto ameanza kunyonya vizuri. Msalimie Mama Pasta anayekusaidia sokoni, na bibi wa jirani ambaye kila mara hunitumia mbegu za boga. Waambie wote kwamba maandalizi yanaendelea. Si uongo sana.

Simiyu atarudi huku Ijumaa asubuhi, na kiti cha mbele cha lori nimeshakuombea. Usinipigie simu, Senge. Jibu lako liwe wewe mwenyewe, ukishuka kwenye lori hilo.

Ni mimi mwanao, ambaye sijui bado kama nitakuwa mkwe wa mtu,

Wafula