Viatu vya mwenyekiti mnarani

Nazneen, nimerudi sasa hivi kutoka mnarani.

Sote tulikuwa peku, kama kila Februari 21. Wale mashujaa waliojengewa mnara huo walipigwa risasi wakidai Kibangla chetu, nani awapandie na viatu? Hata Mzee Mofazzal, aliyeacha mguu mmoja kwenye vita vya uhuru mwaka sabini na moja, alivua kandambili yake. Hiyo hiyo moja.

Mwenyekiti wa halmashauri akapanda na viatu. Na VIATU, Nazneen! Vimejaa tope la soko la samaki!

Nikamwambia, "Kaka, viatu."

"Mwalimu, wewe fundisha watoto. Viatu niachie mimi."

Kisha, shada lake la maua mkononi, akamsukuma mzee kando. "Sogea, babu, unaharibu picha." Wapambe wakacheka. Wakacheka, pale pale!

Walipoondoka, mzee akakaa chini, akaanza kufuta zile nyayo kwa shali yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, lete nifute mimi."

Akasema, "Niache, mwanangu. Hawa nawajua. Mwakani watasema nyayo hizi ni zangu. Zote mbili."