Kulwa Amefika Dar, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi Doto, yule uliyekuwa naye. Yule mwingine, pacha wangu Kulwa, amepanda ndege kurudi Toronto bila kufika hapa kwetu Kiseke, Mwanza. Nakueleza mwenyewe, maana akikueleza yeye utamwonea huruma.

Ulipofariki, Baba Mkubwa alisema huzikwi mpaka mtoto wa kwanza atupe udongo. Mtoto wa kwanza! Kulwa alinitangulia duniani kwa muda wa chai kuchemka, na tangu siku hiyo hajawahi kuwahi popote. Lakini wazee wameshasema. Tukakuacha mochwari, tukasubiri.

Basi tukaanza kufundishwa jiografia kwa simu. "Doto, mnadhani hii ni Mwanza na Magu? Navuka bahari mimi!" Akatutajia viwanja vya ndege kimoja kimoja kama mtu anayetaja mababu zake, na wajomba chini ya turubai wakawa wanaitikia, "Duh! Mbali!" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni mbali kiasi gani kutoka kitandani kwako mpaka chooni, nikiwa nimekubeba mgongoni.

Halafu akafika Dar. Watu wakamshukuru Mungu, vijana wakaanza kuchimba nyuma ya nyumba, wakahangaika na ule mwamba wetu. Kutoka Dar kuja hapa ndege haikupi hata nafasi ya kusinzia vizuri. Bwana mkubwa Kulwa akapumzika. Miguu imevimba. Hana suti nyeusi. Atakuja kesho. Kesho ikaja, akasema kesho. Mama, wewe uko kwenye baridi ya mochwari, mwanao yuko dukani anajigeuza mbele ya kioo!

Kesho zilipozidi, tukakutoa mochwari. Jeneza likashushwa, mvua inakuja kutoka ziwani, na Baba Mkubwa amesimama anaangalia simu yake. Hakuna aliyethubutu. Nikainama, nikachota udongo, nikatupa. Nikasikia watu wanaguna nyuma yangu. Nikachota tena. Walidhani ule wa pili ni wa Kulwa. Ulikuwa wangu pia.

Jioni nilimpigia. Unajua alinijibu nini? "Kama mmeshazika, nije kufanya nini?" Akageuza, na suti yake mpya. Bahari ameivuka, Mama, kuruka juu ya Shinyanga kukamshinda. Eti atakuja kwenye arobaini. Baba Mkubwa ameshaanza kusema tusipange siku mpaka tumsikilize.

Mimi simsikilizi. Kinachoniuma ni wewe. Ulipokuwa mgonjwa, kila ndege iliposhuka juu ya bati letu kwenda uwanjani ulinyanyua kichwa kwenye mto. "Huyo si Kulwa?" Nikakujibu, "Siyo yeye, Mama. Lala." Ukanikasirikia, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Hata uji siku hizo uliukataa. Nilikuwa pale, Mama. Mkono wangu ndio ulioshika kijiko.

Haya, nakuaga. Kaburi nitalipalilia mwenyewe, na arobaini itafanyika siku yake, awepo asiwepo. Sasa hivi kuna ndege inashuka, mabati yanatetemeka, na nimejikuta nimetoka nje kuangalia. Mjinga mimi. Nikaja mpaka hapa ulipo, nikakuambia tena, na nitakuambia kila ikipita, usije ukanyanyua kichwa bure.

Siyo yeye, Mama. Lala.

Doto wako