Kufuli za garaji

Kavindu, mamake jirani yetu Mutuku amefariki. Na mimi nimeaibika, weh!

Si unajua sufuria za matanga za majirani wote hukaa kwa garaji yetu? Mlango haufungwi, mwenye msiba anajichukulia tu.

Sasa watu wa bima walisema bila kufuli mbili, gari ikiibiwa hawalipi. Nikaweka. Leo nikaenda zangu Mitaboni na funguo kwa mkoba!

Wamama walikuja wakapata kufuli. Kufuli, Kavindu!

Niliporudi nimekimbia kwa kina Mutuku na funguo mkononi. Mutuku ananiambia polepole, "Usijali, Mama Mutindi. Tumeazima kwingine. Hatukujua siku hizi mnafunga."

Siku hizi mnafunga.

Nikainama nichambue mchele na wengine. Wakaninyang'anya ungo, wakaniletea kiti ya wageni.

Ndiyo nimekalia saa hii.