Cheti Kilichopigiliwa Ofisini

Chuo cha Ufundi,
Karakana ya Umeme,
9 Mei.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za Baba. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima. Baba miguu inamsumbua akipanda ngazi, lakini sauti ni ileile. Akisafisha koo tu, karakana nzima kimya.

Uliniuliza kama nimeshafunga mizigo. Sijafunga, wala sifungi. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka chuo kilivyoanza. Msumeno ulimkata Baba vidole viwili kule kiwanda cha mbao, wakamwachisha kazi wiki hiyohiyo. Akakodi ghala bovu, akaweka benchi moja, akachukua wanafunzi wanne waliokataliwa kila mahali, mmoja wao kiziwi. Juu ya mlango akaandika kwa rangi: HAPA HATOKI MTU MIKONO MITUPU. Mimi na wewe tulimshikia ngazi. Leo wanafunzi ni sitini na wawili, na yule kiziwi ndiye mwalimu wa useremala.

Basi, mwezi wa pili hospitali moja ya mbali ilinikubali niwe fundi wao mkuu wa umeme. Miaka kumi na moja nafundisha watu kufunga swichi kwenye ubao wa mazoezi, swichi zisizowasha chochote. Nilitamani, Dada, kufunga taa ambayo mtu atapasuliwa chini yake akapona.

Kabla sijamwambia Baba, akaja mkaguzi na kanuni mpya: chuo kisicho na mkuu mwenye cheti cha ualimu wa ufundi hakitafanyisha mitihani. Baba hana cheti, ana vidole vinane. Mwalimu wa useremala hana. Wa ushonaji hana. Hapa chuoni ninacho mimi peke yangu. Mkaguzi alipouliza jina la mkuu, Baba akataja langu bila hata kunitazama. Kesho yake nikakuta cheti changu kimetiwa fremu na kupigiliwa ukutani ofisini, misumari minne.

Nikamfuata benchini, anapiga msasa.

"Baba, nimepata kazi mbali."

"Nani amekuzuia? Nenda, mwanangu."

"Na mitihani?"

"Sijui." Akaendelea kusugua palepale, mpaka ubao ukabonyea.

Angenigombeza ningeondoka siku ileile.

Wiki hiyo Mama Pacha wa darasa langu, aliyeanguka mtihani mara mbili, akanisimamisha kwenye korido. "Mwalimu, safari hii nimeshika. Niulize lolote!" Nikamuuliza. Akajibu yote, mpaka habari za waya wa ardhi zilizokuwa zikimpiga chenga. Nikampongeza, nikaingia chooni, nikajifungia, nikalia. Nilipotoka nikaipigia simu hospitali, nikawaambia wamtafute mwingine.

Baba sijamwambia, naye hajauliza. Tunakula meza moja, ananisogezea chumvi kabla sijaiomba. Watu wananiita Mkuu, nami nageuka kumtafuta huyo wanayemwita. Ofisi ile ina dirisha moja, linatazama ukuta. Nikikaa humo naacha mlango wazi.

Nakuonea wivu, Dada, afadhali niseme. Wewe uliondoka, mimi nikabaki, na hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana nani afanye nini. Cheti kama changu na wewe unacho.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba sikuombi urudi. Nimekata mstari huo kwa sababu ni uongo. Rudi. Mwaka mmoja tu, ukae kwenye kiti kile, nami nijaribu bahati yangu kwingine. Ikiwa jibu ni hapana, niandikie hapana, kwa mkono wako. Usininyamazie.

Nisalimie shemeji, wabusu wanangu, na shangazi akipita kwenu mwambie namkumbuka. Mungu awafunike kwa amani yake.

Mdogo wako, mwenye hasira leo, na akupendaye vilevile.