Vidonge vya Valary

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Bwana Munyao katufundisha pituitari. Tezi ndogo kama kunde, chini ya ubongo, na darasa zima limeshindwa! Sehemu ya nyuma inafikiwa na neva moja kwa moja kutoka ubongoni. Ya mbele inaamriwa kwa kemikali zinazoletwa na damu, kisha inatuma zake — kwa tezi ya shingo, kwa tezi zilizokaa juu ya figo. Basi. Collins akauliza mara tatu. Na huyo ndiye atakayetibu watu!

Jumatano, 5 Machi

Valary kanunua suruali nyingine. Za zamani hazimwingii. Dadangu huyu anauza mitumba soko la Toi, na tangu Agosti anameza vidonge vya kunona vya Trizah, msusi wa kibanda jirani. Vidonge bila jina, ndani ya karatasi ya kaki! Alitaka makalio. Amepata mashavu. Miguu ni ileile, vijiti.

Nilimwambia. Akacheka. "Nekoye, wacha wivu. Macustomer wanasema nimeiva."

Wateja wa Toi ndio madaktari siku hizi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepeleka kidonge kimoja kwa duka la dawa hapa Gatina. Mwenye duka akakitambua mara moja: deksamethasoni. Steroidi! Miezi saba dadangu anakula steroidi kama njugu.

Nimerudi nikamwaga vyote chooni. Valary akalia. Eti Trizah alimwonya haviachwi ghafla, mtu hupunguza pole pole. Trizah! Mtu wa kusuka nywele! Si anataka tu kuuza vingine. Nikamwambia sumu haiachwi pole pole, na mimi ndiye ninayesomea udaktari katika chumba hiki.

Jumanne, 11 Machi

Kumi na tisa kwa ishirini! Swali la sita: steroidi zikijaa kwenye damu, pituitari hufanya nini? Hunyamaza. Haiamuru tena tezi za juu ya figo, nazo husinyaa. Nilijibu kwa mistari miwili. Collins alijaza ukurasa na akapata sifuri.

Valary hajaenda sokoni. Amechoka, viungo vinauma. Maigizo. Anataka nimwonee huruma nimrudishie mashavu yake.

Alhamisi, 13 Machi

Anatapika. Hali chakula. Nilimwambia ainuke afue, akashika ukuta. "Siskii poa, Nekoye. Kichwa inazunguka."

Nikamjibu aliyetaka kunona avumilie kukonda. Mama Eddah wa mlango wa pili akamletea uji. Watu wa ploti hii wanapenda kubembeleza uvivu.

Jumamosi, 15 Machi

Hospitali. Alianguka asubuhi akitoka bafuni. Nilimshika katikati yangu na mwenye boda, kichwa chake kikigonga bega langu njia nzima. Presha ilikataa kusomeka mara mbili.

Daktari aliutazama uso ule wa mviringo akauliza hapo hapo: alikuwa anameza steroidi? Ndiyo. Aliacha lini? Wiki iliyopita. Akapiga kelele aletewe haidrokotisoni, steroidi ya sindano; wauguzi wakamdunga, wakafungua dripu. Halafu akanieleza kwa upole, kama mtu asiyejua kusoma: pituitari ilikuwa imelala miezi saba, haitumi amri, dawa ikikatwa ghafla, mwili unabaki bila kitu. Nilijua kila sentensi kabla hajaimaliza. Nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani wa Jumanne! Na siku hiyo hiyo mgonjwa amelala kitandani kwangu, nikasema anaigiza.

"Nani alimwambia aache mara moja?"

Nilifungua mdomo. Valary akanitangulia, macho nusu wazi.

"Ni mimi, daktari. Nilichoka nazo, nikatupa."

Akagombezwa mbele ya wodi nzima. Ujinga kama huo huua, aliambiwa. Akaitikia kwa kichwa. Mimi nilisimama pale na koti jeupe la chuo mkononi. Naona aibu.

Daktari alipoliona koti alifurahi. Afadhali nyumbani kuna mtu anayeelewa, alisema. Nimchunge dadangu asifanye tena mambo ya kichwa chake. Akaandika kwenye faili, akalining'iniza hapa miguuni pa kitanda. Nimelisoma. "Mgonjwa aliacha mwenyewe."

Daktari anarudi saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Valary ameamka, ananiomba maji, na ananiuliza kama anaruhusiwa kunywa.