Mtu wa Pwani wa Buganguzi

Buganguzi, Bukoba
9 Septemba 1951

Kwa mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima yote, nikitumaini kwamba mguu wako umepoa na kwamba maharage mwaka huu yamezaa. Shaban atakayekusomea namsalimu pia. Asome polepole, maana Kiswahili changu cha kuandika ni cha darasa la pili, na mkono huu umezoea jembe kuliko kalamu. Mimi ni mzima, ila mgongo. Kahawa ya Bwana Kagaruki haina Jumapili: tukimaliza kupalilia tunachuma, tukimaliza kuchuma tunaanika.

Wahaya hawa ni watu wa ndizi. Mchana ndizi, jioni ndizi. Siku ya kwanza nilikula nikashiba, kisha nikaendelea kukaa nikingoja ugali. Mke wa bwana, Bibi Kokuhirwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikueleze jinsi nilivyoingia humu. Waha wenzetu ni wengi hapa, wanalima mashamba ya watu. Chakula wanapewa nyuma ya nyumba, wanakula wamechuchumaa, na watoto huwazomea njiani wakiwaita watu wa kuja. Bwana Kagaruki aliponisikia nikisema Kiswahili nilichojifunza Ujiji kwa mjomba, aliuliza kama mimi ni mtu wa pwani. Mama, nilikuwa na njaa, na nyayo zimepasuka. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo nikala ndani na wenyeji, kwenye majani mabichi ya mgomba, nikaitwa Bwana Ayubu. Hata Mwalimu Aroni wa shule ya hapa alinikaribisha jioni nizungumze na watu wazima wanaojifunza Kiswahili. Waliniuliza bahari ikoje. Nikawaelezea ziwa letu la Tanganyika, nikaongeza chumvi. Lakini nilijua siku watakayonitambua nitarudi nyuma ya nyumba.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi uliopita. Tulikuwa tunaezeka darasa, wanaume wa kijiji karibu wote, mimi na Bwana Kagaruki tuko juu ya paa. Akaja bibi mmoja wa kwetu, wa upande wa Kasulu, amemshika mkono mjukuu wake Sada ili aandikishwe. Bibi akapiga magoti mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, kama ulivyotufundisha kumwamkia mkubwa. Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba bibi anamshangilia mwalimu kwa kuimba vizuri, aimbe tena, na wote wakapiga makofi.

Mwalimu Aroni akadhani bibi anamdhihaki mbele ya wanafunzi wake. Akasema shule hii haina nafasi kwa mtoto wa nyumba isiyo na adabu. Bibi hakuelewa hata neno moja. Aliona tu kwamba hajaitikiwa, basi akazidisha makofi. Kicheko nacho kikazidi, na Sada akaanza kumvuta nguo waondoke, machozi yakimtoka.

Mwalimu akatazama juu akaniita. Alisema mimi mtu wa pwani nimeona mengi, nishuke niwaambie watu kama hiyo ni adabu au ni matusi.

Nilishuka nikiwa na nia ya kusema sijui. Nakuambia kweli, hiyo ndiyo nia niliyoshuka nayo. Lakini bibi aliponiona mtu mzima nakuja, alinigeukia na makofi yake, na mikono yangu haikunisubiri. Goti likaenda chini, viganja vikapiga, mdomo ukamwamkia: mwakeye. Bibi akaitikia, akauliza mimi ni wa kilima gani na mwana wa nani. Nikamtajia jina lako, Mama, kwa sauti.

Watu wakageuka kunitazama. Kisha Bwana Kagaruki akapiga kelele kule juu kwa Kihaya chao: mawe, yaani mama yangu, kumbe pwani iko Kasulu! Walicheka mpaka nyasi zikamwagika kutoka paani. Nilipopata nafasi nikamweleza mwalimu kwamba kwetu makofi hayo ndiyo shikamoo, na asiyeitikiwa huendelea. Mwalimu akafikiri kidogo, akainama, akapiga makofi mawili makavu kama mtu anayefukuza kuku. Bibi akaridhika, akasimama. Sada yuko darasani hadi leo, na siku hizi watoto wa Kihaya ndio wanaomwamkia bibi hivyo wakimwona njiani, nusu mchezo, nusu heshima.

Bwana Kagaruki hakusema nami siku tatu. Hakuchukia kwamba mimi ni Muha. Kila Jumamosi kwenye rubisi, pombe yao ya ndizi, alikuwa akijigamba kwamba kibanja chake kinalimwa na mtu wa pwani, na sasa wenzake wanamwuliza bahari imekauka lini. Siku hizo nilikula nje na wenzangu bila kuambiwa. Siku ya nne mvua ikanyesha, akatokea mlangoni akauliza kama tunangoja aje kutubeba mgongoni. Tukaingia wote saba. Jua likiwaka bado wengine hupewa nje, sitakudanganya. Ila sasa nasema nao Kiha mchana kweupe.

Mama, lililobaki nimeliweka huku chini kwa sababu niliogopa ungemwambia Shaban aache kusoma. Uliniandikia kwamba Yunus, kijana wa jirani, amekurudishia mfuko wa karanga, kwamba hakuniona, na kwamba mnamwita mvivu aliyelala njiani. Yunus hakulala. Kabla ya siku ile ya paa alinikuta Bukoba mjini kwenye ghala la kahawa, nina gunia mgongoni. Akaniita kwa Kiha, kwa furaha. Bwana Kagaruki alikuwa amesimama hatua tatu tu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba amenifananisha, simjui. Alinitazama, akaniomba radhi kama anavyoombwa mgeni, akaondoka na karanga zako. Kisha akaja kwako akachukua lawama, ili usijue kwamba mwanao alimkana mtu uliyemtuma wewe.

Naomba Shaban aisome sehemu hiyo kwa sauti mbele ya wote waliomwita Yunus mvivu, na wewe uwepo.

Nisalimie dada Zabibu na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Kahawa ikiisha nitakuja. Nitapitia mlango wa Yunus kabla ya mlango wako, Mama, nawe usinikasirikie kwa hilo.

Mimi mwanao,
Ayubu, Muha wa Buganguzi