Maua ya Mama Topista yenye kula inzi

Faida, niko Kamukuzi kwa bosi wangu Mama Topista na siwezi kutoka.

Unakumbuka zile mbegu zake za maua yenye kula inzi? Alisema nizinyunyize juu ya udongo tu, nisizifunike. Mimi nikaona ule udongo hauna nguvu. Nikatia mavi ya ng'ombe, nikafunika vizuri, vile tunafanyaka kule kambini Nakivale.

Leo zimeota. Mama amenikumbatia.

Faida, ile ni lengalenga. Imetoka mu ile mavi. Ile mchicha ya kupika.

Nilitaka kumwambia. Akasema, "Wewe iko na mkono ya baraka." Nikamwambia asante. Kazi ni hii tu niko nayo.

Sasa amekamata inzi, ameiweka juu ya jani, ameniletea kiti.

Tangu saa nane tunangoja mboga ikule inzi.